Dumu Moja la Dizeli

Jumatatu, 9 Juni

Siku imeanza vibaya. Dada alinisubiri mlangoni mwa karakana akiwa na sindano ya kushonea makochi mdomoni. Akaitoa, akasema pikapu yetu inakunywa kuliko inavyobeba. Jumamosi kuna mzigo wa magodoro na makochi wa nyumba ya wageni kule mlimani. Atanipa dumu moja la dizeli. Nikienda na kurudi kwa dumu hilo, pikapu inabaki. Nikikwama njiani, inauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Nikamkumbusha kwamba marehemu baba alituachia pikapu hii sote wawili. Akasema anakumbuka sana, ndiyo maana hakuiuza mwaka jana.

Najua maneno haya yametoka wapi. Shemeji, yaani mumewe, anataka bajaji ya mizigo. Aliona picha yake kwenye simu ya mtu na tangu hapo hana usingizi. Wakati dada ananisema, yeye alikuwa anakata sponji huku anapiga mluzi.

Nimekwenda kwa fundi kutafuta ushauri. Ushauri wenyewe: nibadilishe betri, nisafishe chujio la hewa, na gari likisimama nilizime. Fundi huyu amezeeka. Betri yetu imechoka, kila mtu anajua. Ukizima, kuondoka ni mpaka usukumwe, na pale kwa kinyozi ninapoegesha, wanaosukuma ndio haohao wanaocheka. Kwa hiyo mimi nikiwasha asubuhi, nimewasha. Linaunguruma mpaka jioni. Halina hasara yoyote. Gari halijaenda popote, litakula mafuta ya nini?

Dawa ni kupunguza uzito. Nimefungua kiti cha abiria, tairi la akiba na mlango wa nyuma, vyote nimevilaza sebuleni. Mgongo unaniuma. Lakini kesho watanitambua.

Jumanne, 10 Juni

Hawajanitambua.

Kumbe ule mlango wa nyuma ulikuwa na kazi. Godoro la mteja limeteleza kwenye tuta na mimi sikusikia kitu. Nimefika kwa mteja na kamba tupu. Kurudi nyuma, nimelikuta kando ya barabara, muuza mboga amejinyoosha juu yake anamnyonyesha mtoto. Akasema alikuwa ananilindia. Sikuweza kumwinua mama anayenyonyesha, nikasubiri. Gari nililiacha linaunguruma, maana nani angenisukuma pale?

Mteja alilipapasa godoro, akauliza mbona lina joto. Nikamwambia ni jipya, limetoka karakanani sasa hivi.

Jioni nimepima tangi. Geji ilikufa zamani, tunachovya kijiti cha ufagio. Dizeli imeshuka vilevile kama siku zote. Sielewi. Nimekwenda kujaza upepo kwenye matairi mpaka mjazaji akarudi nyuma hatua kadhaa, akaniambia yakipasuka yeye hayupo. Tairi gumu haling'ang'anii barabara. Gari litateleza lenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Kila kokoto nimelisikia kwenye meno. Kochi lililokuwa nyuma lilirukaruka njia nzima na likafika na miguu mitatu. Shemeji aliliangalia, akasema kwa upole kwamba bajaji ina springi laini. Nilijitia sikusikia.

Nimepunguza upepo, nimebadili mbinu. Kwa kinyozi wanasema injini hizi za zamani hazichagui, chochote chenye mafuta zinachoma. Muuza viazi vya kukaanga amenipa mafuta yake machakavu bure. Nilishangaa alivyofurahi kuyaona yanaondoka. Nimeyamimina yote kwenye tangi, na makombo yake.

Mwanzo mambo yalikuwa safi. Moshi ulinukia vizuri. Watu watatu wamenisimamisha kuuliza nauzaje. Mbwa wakaanza kunifuata. Nikasema moyoni, haya sasa, tumeshinda. Mbele ya karakana gari likakohoa na kuzima. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye chujio la dizeli.

Aliyekuja kunisukuma ni shemeji. Alisukuma kwa mkono mmoja, wa pili ameshika simu, akimweleza mtu habari za bajaji. Dada alikuwa dirishani. Nimelala bila kula.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi yote nilikuwa kwa fundi, anatoa viazi kwenye mrija. Ameniuliza tena kama bado naliacha gari likiunguruma kutwa. Nimemwambia ashughulike na mrija.

Mchana nikapata wazo zuri kuliko yote. Mteremko wa shule ni mrefu. Kwa nini nichome mafuta kwenda chini wakati chini kunajiendea kwenyewe? Juu kabisa nikatoa gia, nikaweka nyutro, nikazima injini. Kimya. Nikasikia ndege. Miaka mingi sijasikia ndege nikiwa ndani ya gari hili. Nilikaribia kuimba.

Halafu ikaja kona. Usukani ukawa mzito. Nikakanyaga breki, nikakuta imekuwa ngumu kama ukuta. Inaonekana breki nayo inategemea injini, jambo ambalo mtu angeweza kuniambia mapema. Safari yangu imeishia ndani ya rundo la maranda ya seremala. Hakuna aliyeumia. Seremala akasema maranda yale yalikuwa yamepangwa, akanipa koleo. Nimeyapanga upya, na nikayachekecha kutafuta misumari yake.

Jambo dogo la ajabu: wakati wa kuondoka, gari liliserereka kidogo kwenye mteremko, nikaachia klachi, likawaka. Bila mtu kusukuma. Bahati tu. Sikuwa na hali ya kulifikiria, macho yalikuwa yamejaa vumbi la mbao. Nikaenda moja kwa moja kwa kinyozi, nikaegesha mahali pangu, nikaliacha linaunguruma, nikapumzika mpaka jua likapoa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimechoka. Nimekaa ndani ya gari mchana kutwa bila kwenda popote.

Ukweli niuseme hapa, maana kwingine siwezi. Naogopa. Kiti cha dereva kina bonde la baba, na mimi nimekaa humo mpaka limekuwa langu. Pale mlangoni rangi imetoka, alipokuwa anaegemeza kiwiko. Bila pikapu hii mimi si dereva wa mtu. Ni kaka mtu anayekula kwa dada yake, na kila siku shemeji ataniuliza nimeamkaje kwa ile sauti yake.

Jioni dada amelikausha tangi mwenyewe, akamimina lile dumu moja, akalitikisa nione kwamba halikubaki tone. Akaingia ndani.

Ndipo akili ikafanya kazi. Nimegeuza kochi mojawapo la kesho, nimefumua kitambaa cha chini, nimeweka humo dumu la pili la dizeli, nikashona tena. Mshono umetoka vizuri, tumezaliwa nyumba moja na dada. Wala huu si udanganyifu. Yeye alisema atanipa dumu moja, na kweli amenipa moja. Hilo lingine nimejipa mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Nguvu za kuandika sina, lakini naandika.

Dada alikuja kukagua mzigo. Akafika kwenye lile kochi, akasimama. Akanusa. Kizibo kilikuwa kimelegea, na dizeli ilikuwa imepanda mpaka kwenye mito. Akaligeuza, akautazama mshono wangu kwa muda. Laiti angepiga kelele. Alisema tu, mdogo wangu, toka kwenye usukani. Kisha akaagiza kochi jingine litolewe karakanani.

Nikauliza nitakaa wapi. Kiti cha abiria kiko sebuleni kwangu. Akanionyesha nyuma, juu ya magodoro.

Sijawahi kuona uendeshaji wa kuchosha namna ile. Polepole, kama anayebeba ndoo ya maji kichwani. Alikuwa anabadili gia mapema, hafukuzani na mtu. Lori la mchanga lilitupita, na dereva wake akanipungia mkono nikiwa kule juu. Kila tunaposimama dada anatafuta mteremko, anaelekeza pua chini, anazima. Kule nyumba ya wageni tulishusha makochi kwa muda mrefu, mwenye nyumba anabadili mawazo kila chumba, na gari liko kimya nje. Nikamwambia dada tumeumia, halitawaka. Akaniambia nishike godoro. Tulipomaliza akaliacha liserereke kidogo, likawaka, tukarudi.

Karakanani akachovya kijiti mbele ya shemeji. Kilitoka kimelowa. Dizeli imebaki.

Dada akasema pikapu haiuzwi. Shemeji akarudi kwenye sponji zake, na mluzi haukusikika tena. Kisha dada akanigeukia. Akasema gari la baba halijawahi kuwa mlevi. Aliyekuwa analinywesha ni mimi, kwa kuliacha linaunguruma kutwa nzima kwa kinyozi ili nisisukumwe. Akautia ufunguo kwenye mfuko wa aproni, pamoja na uzi na chaki. Kuanzia sasa yeye ataendesha, mimi nitapakia na kushusha.

Nilikwenda nyuma ya karakana nikalia kidogo. Nusu ilikuwa furaha, kwa sababu pikapu ya baba imepona. Nusu ya pili ilikuwa ule ufunguo.

Jumatatu, 16 Juni

Leo nimesafiri tena nyuma, juu ya magodoro. Ukilala chali unapata nafasi ya kufikiri, na mimi nimefikiri.

Dada amekosea. Si mambo ya kuzima wala kuwasha. Tazama: wiki nzima nilikaa mbele, dizeli ikawa inayeyuka. Jumamosi nikakaa nyuma, dizeli ikabaki. Leo nimekaa nyuma, imebaki tena. Kilichobadilika ni mahali nilipokaa mimi. Uzito ukiwa nyuma unasukuma gari kwenda mbele. Niliingia makosani ile Jumatatu nilipolipunguzia uzito, kumbe lilikuwa linataka kuongezewa.

Nimemweleza dada. Aliendelea kushona. Nimemweleza fundi, alikuwa amelala chini ya lori, na hakutoka mpaka nilipoondoka. Haidhuru. Wenye akili hatueleweki mapema.

Nimeokota matofali pale wanapobomoa ukuta. Mengi. Kesho dada akiwa anakunywa chai nitayapanga nyuma, chini ya magodoro, yote, asiyaone. Akishachovya kijiti na kuona maajabu, ufunguo atanirudishia mwenyewe.