Heshima Zangu Mbele ya Kamera

Leo nimeumbuka. Tena nimeumbukia mbele ya baba yake Felista, ambaye kesho ndiye wa kujibu posa yangu!

Msimu uliopita walikuja kwetu Michenga watu wa sinema, kutengeneza picha ya kilimo cha mpunga. Wakatuchagua wawili, mimi na Severini. (Severini mnamjua. Jembe lake bado ni jipya tangu tulipopata kipaimara.)

Mpiga picha alikuwa mzee mwenye mvi. Akaanza na mimi. Nikasimama na jembe langu, kifua mbele. Mara mzee mzima akajilaza kwenye tope, miguuni pangu, kamera inanitazama toka chini! Mimi nimelelewa, jamani. Nitasimamaje juu ya kichwa cha mzee? Nikachuchumaa.

"Simama, mwanangu."

"Siwezi, baba. Shikamoo."

Akashuka zaidi. Nikapiga magoti. Akazidi kujilaza, nami nikainama mpaka kidevu kikagusa maji. Mwishowe akainuka, akajipangusa tope, akamwita Severini. Yule asiye na haya akasimama wima, jua lote usoni, mzee wa watu yuko chini! Nikasema moyoni, huyu laana haimkosi.

Mimi nikapewa nafasi ya mtu mwenye adabu. Nikaketishwa kivulini chini ya mkuyu, mzee akapanda juu ya lori, mahali panapomstahili, akanipiga picha toka huko. Nilifurahi mno.

Basi, leo gari la sinema limefika Ifakara. Nikamwalika Mzee Lukasi, baba yake Felista, nikamkalisha mbele kabisa ili amwone mkwe wake. (Kiherehere changu mwenyewe!)

Giza likaingia, shuka nyeupe ikawaka. Akatokea Severini. Lo! Ametazamwa toka chini, kichwa kiko mawinguni, uso unang'aa, mabega mapana kama ya mbeba magunia. Bwana shamba akatangaza kwa kipaza sauti, "Huyu ndiye mkulima hodari." Uwanja mzima ukapiga makofi.

Kisha nikatokea mimi. Nimetazamwa toka juu, mdogo kama kifaranga, nusu ya uso imemezwa na kivuli. Lililoonekana ni jicho moja tu, nalo linasinzia.

"Na huyu ndiye mkulima mvivu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini!

Nikamgeukia Mzee Lukasi mbio mbio. "Baba, ni kamera tu ile. Ukipigwa toka chini unakuwa mkubwa, ukipigwa toka juu unanywea. Na kile kivuli nacho, baba, kinamtia mtu ubaya asio nao. Mimi ndiye ninayelima!"

Mzee Lukasi hata hakunitazama. Macho yake yalikuwa bado kwenye shuka.

"Yule kijana wa kwanza," akaniuliza taratibu, "ameoa?"

Hajaoa, jamani. Nawaombeni, mpaka kesho jioni asiwepo wa kumwambia mzee.