Mwenye Wimbo wa "Sikupepesa"

Jumamosi, 3 Agosti 1996. Jinja.

Mungu alipogawa sauti alianza na mimi. Akanimiminia mpaka nikafurika. Ukoko uliobaki kwenye sufuria ndio binadamu wengine wanaimbia mpaka leo. Siwalaumu. Wanajitahidi.

Leo nimemaliza kurekodi. Studio ni chumba cha nyuma cha fundi redio. Kapigilia magunia ukutani ili kengele za baiskeli za bodaboda zisiingie. Zimeingia kidogo. Fundi anasema zinaupa wimbo uhai. Wimbo wenyewe unaitwa "Sikupepesa". Unaeleza jinsi mimi, Profesa Matia, nilivyosimama Nakaloke, kijijini kwetu karibu na Mbale, siku ya tohara yangu. Ngariba akakata, nikamtazama tu, nikamwuliza kama amemaliza maana chakula kinapoa. Ubeti wa tatu ngariba mwenyewe analia.

Hapa naweza kusema ukweli, mama hasomi Kiswahili. Sijatahiriwa. Sisi Wagisu tunakata mwaka mmoja, tunapumzika mwaka mmoja. Mwaka 1994 zamu yangu ilipofika nilitoroka kijijini, nikarudi Jinja juu ya lori la kabichi, katikati ya kabichi, nikijifanya kabichi. Sasa nina miaka ishirini. Kwetu mtu kama mimi anaitwa msinde, yaani mtoto, hata ndevu zikimfika kifuani. Lakini nani atajua? Msanii si shahidi mahakamani.

Kumbukumbu ya historia: zamani nilijiita Jenerali Matia. Kapteni mmoja wa kambi ya jeshi ya Kimaka akaniuliza kwa upole ni jeshi gani. Nikahamia elimu. Shule niliachia kidato cha pili, lakini uprofesa ni kitu cha moyoni.

Jumatano, 7 Agosti.

Dunia haiko tayari. Nimeimba Budondo sokoni, gitaa langu la nyuzi nne na mimi. Wimbo una Kiswahili ndani. Wazee waliposikia Kiswahili walidhani ni askari wa zile enzi za kuporwa, waliokuwa wakiamuru kwa Kiswahili, wamerudi. Wakaficha kuku. Nimemaliza ubeti wa kwanza soko likiwa tupu, amebaki kichaa mmoja na mbuzi. Kichaa aliondoka kabla ya kibwagizo.

Na wakati huo nani anapendwa Jinja nzima? Siraje. Siraje haimbi. Anafanya maimu. Kaseti ya mtu mwingine inapigwa, yeye anafungua mdomo, anafunga mdomo, anatoa jasho, anaanguka magoti. Watu wanalia. Wanajua kabisa ni kaseti, na bado wanalia. Mwenye sauti akija mwenyewe wanauliza choo kiko wapi.

Nikawaza mpango. Mpango mkubwa. Nimpe Siraje kaseti yangu aifanyie maimu kwenye kibanda cha video cha Hajati Mastula, yule anayeandaa shoo zote za mjini. Watu wataupenda wimbo. Baadaye natokea mimi mwenyewe, kama bwana harusi.

Nimempa. Siraje alikubali haraka mno. Ameniita kaka. Nadhani ananiogopa.

Jumapili, 11 Agosti.

Jana shoo ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mabega ya wenzao. Siraje kapanda na suruali nyeupe. "Sikupepesa" ikapigwa. Sauti yangu hiyo, jamani, inatoka kwenye mdomo wa Siraje, na kengele mbili za baiskeli ndani yake. Wanawake walirusha vitambaa. Mama mmoja alizimia, akaamka, akazimia tena.

Nikaona saa imefika. Nikapanda na gitaa, nikaanza ule ule wimbo. Ukumbi ukacheka. Mmoja akasema huyu anamwiga Siraje. Mwingine akasema hata hafanani, sauti ya Siraje ni nzito kidogo na ina kengele. Mama aliyezimia alinishika mkono kwa huruma, akaniambia nisikate tamaa, nifanye mazoezi, siku moja nitafika pale alipo Siraje.

Nilimlalamikia Hajati. Akasema, "Mwanangu, sauti ni yako, lakini mdomo ni wa Siraje. Na watu wanatazama mdomo." Kisha akaniomba nisaidie kupanga viti.

Nyumbani, kwenye nyumba za askari jela, baba alikuwa ameshasikia. Baba ni Afande Semei, hata mama anamwita Afande. Akauliza huo wimbo wa tohara ni wa Siraje? Nikakohoa. Akasema ni ajabu, Siraje ni Mwislamu wa Bugembe, alitahiriwa akiwa mtoto mdogo. Mambo ya Nakaloke kayajulia wapi? Akanitazama jinsi anavyotazama mfungwa anaposema sabuni imepotea yenyewe.

Jumatano, 14 Agosti.

Habari kubwa. Kaseti imefika Mbale, sijui na nani. Mbale wameshikwa na wazimu. Msimu wa tohara ndio unafunguliwa, ngoma ziko kila njia, na vijana wanakimbia barabarani wakiimba wimbo wangu. Wamemwambia Hajati Jumamosi awaletee mwenye "Sikupepesa". Hajati anampeleka Siraje.

Hapo sasa nacheka. Siraje hajui neno hata moja la Kigisu. Mimi Kigisu nimenyonya. Nitapanda kabla yake, nitawaambia kwa lugha yao kwamba mwenye wimbo ni mimi, Siraje atabaki na mdomo wake. Mbale ndipo nitakapozaliwa.

Niliogopa kumwambia baba, kwa sababu ya ile habari ya kabichi. Lakini baba amefurahi. Ameninyoshea shati kwa mkono wake, mikunjo imesimama kama gwaride. Akasema, "Nenda, mwanangu. Mwaka huu ni wako." Sikumbuki lini baba alinitabasamia. Hatimaye amekitambua kipaji.

Ijumaa, 16 Agosti. Nakaloke.

Niko kwa shangazi Nabifo, dada yake baba. Mapokezi haya hata rais hayapati. Kuku wawili wamefungwa mguu wananisubiri. Mitungi mitatu ya pombe ya mtama inachacha nyuma ya nyumba. Nikauliza ni ya nani. Shangazi akasema ni ya mgeni. Basi huyo mgeni ana bahati.

Binamu zangu wananipa heshima kubwa. Wamenipima mapaja kwa kamba, wakanifunga njuga za chuma, wakasema nichezee nazo jukwaani. Mimi si mjinga. Najua njuga hizo huvaliwa na kijana anayekwenda kukatwa. Nikauliza. Shangazi akasema wimbo wako si wa tohara? Unataka uuimbe umevaa viatu vya shule? Nikaona ana akili ya biashara. Nilipojitazama kwenye kioo niliogopa. Uzuri ukizidi unatisha.

Mtu mmoja mwembamba alipita jioni, akanisalimu, akanizunguka mara moja, akaenda. Hakusema jina lake. Shabiki.

Jumapili, 18 Agosti. Jinja.

Naandika taratibu. Nimelala siku nzima.

Jana mchana uwanja wa Mbale ulijaa. Siraje alikaa juu ya boksi la spika na suruali yake nyeupe, anasubiri kaseti. Nikapanda bila kuitwa. Bila gitaa. Nikapiga mguu chini, njuga zikalia. Wapiga ngoma wa msimu walikuwa pale pale, wakaupokea mguu wangu. Nikaimba kwa Kigisu.

Sitii chumvi hapa. Uwanja mzima uliimba na mimi. Wazee, akina mama, wauza vitunguu. Hakuna aliyesema sifanani na Siraje. Sauti yangu, mdomo wangu, vyote mahali pamoja. Nilimwona Siraje amefunga mdomo. Ubeti wa tatu, ngariba anapolia, watu walipiga vigelegele mpaka sikuisikia sauti yangu. Kama ningekufa dakika ile ningekufa vizuri.

Sikufa. Akapanda mzee mmoja wa Nakaloke mwenye kofia ya manyoya, akainua fimbo, ngoma zikanyamaza. Akanisifu kwanza. Akasema kijana anasema alisimama Nakaloke, na sisi wa Nakaloke tunafurahi. Basi atutajie jina la mwaka wake, na nani alisimama naye.

Sio swali gumu. Kila mwaka wa kukata unapewa jina lake, kwa njaa au mafuriko au chochote kilichotokea, na waliokatwa mwaka huo wanaitana ndugu mpaka kaburini. Mgisu yeyote aliyekatwa anajibu hilo akiwa usingizini. Nikafungua mdomo. Mdomo ulicheza vizuri, ulimi ulicheza, sauti haikutoka. Siraje mwenyewe hajawahi kufanya maimu safi hivyo.

Ndipo nikamwona shangazi Nabifo mbele kabisa, ameshika bakuli la unga wa chachu wa kumpaka kijana kabla ya kukatwa. Nyuma yake binamu. Nyuma ya binamu yule shabiki mwembamba, anafungua mfuko wa ngozi. Nikaelewa mgeni wa pombe ni nani. Nikaelewa na tabasamu la baba.

Mzee hakupandisha sauti. Akasema mambo ni mawili. Kama wimbo ni wangu, basi ni neno langu nimelisema mbele ya ngoma, na neno kama hilo haliachwi liwe uongo. Ndugu zangu wako hapa, ngariba yuko hapa, tutalifanya kweli sasa hivi na hakuna atakayekumbuka lori. Kumbe walijua habari ya lori! Lakini kama wimbo ni wa mtu mwingine, basi mimi ni mwigizaji tu kama waigizaji wa Jinja, na kisu hakina kazi na mwigizaji.

Akauliza, "Wimbo huu ni wa nani?"

Nikanyosha kidole kwa Siraje.

Siraje alitafsiriwa swali. Akasimama taratibu, akafuta suruali, akasema ndiyo, ni wake. Akasema alitahiriwa utotoni Bugembe. Wakamuuliza kama alipepesa. Akasema alikuwa mdogo lakini mama yake anasimulia hakupepesa. Uwanja ukalipuka. Wakambeba. Kaseti ikawekwa, sauti yangu ikatoka kwenye spika pamoja na kengele zake mbili, Siraje akaanguka magoti, na wauza vitunguu wakalia.

Shangazi alipanda, akapiga goti, akanifungua njuga mwenyewe, mguu mmoja, halafu wa pili. Nikamwambia samahani shangazi. Akasema zilikuwa za baba yako. Akasema pia nilipokuwa naimba alishajipanga kusimama nyuma yangu, anishike mabega, kwa kuwa baba hakupata likizo. Akashuka na bakuli lake.

Hajati akaniambia kama sina kazi nibebe spika. Nikabeba. Nimerudi nyuma ya pikapu yake, kati ya spika mbili. Mbele, Siraje alikuwa anakula kuku.

Jumatano, 21 Agosti.

Nimepata nafuu ya akili. Nimechunguza kwa utulivu kilichoharibika Mbale. Kwanza, jua. Pili, maikrofoni ilikuwa ya chini kwangu. Tatu, umati wa Mbale bado hauna elimu ya muziki. Nne, Siraje. Siraje ameitwa Tororo, ameitwa Iganga. Alipita asubuhi na viatu vipya, akaniita kaka, akauliza kama nina wimbo mwingine.

Ninao. Nimeutunga jana. Unaeleza jinsi nilivyoogelea mto Nile toka Bujagali, kwenda na kurudi, nikiwa nimebeba mamba mgonjwa. Kuogelea sijui, hata kuoga mtoni naogopa, lakini wimbo ni moto. Ijumaa nampa Siraje kaseti aufanyie maimu kwanza, watu wauzoee. Safari hii, wakishauzoea, natokea.

Baba karudi kazini jioni. Hajaniuliza chochote tangu Jumapili. Hajanitukana hata. Mtoto wa jirani alipiga "Sikupepesa" dirishani, na baba aliacha kula, akaisikiliza mpaka mwisho, mpaka pale kaseti inapobaki na mvumo peke yake. Halafu akasema huyo Siraje ana sauti nzuri sana. Alikuwa ananitazama mimi. Baba anaijua sauti yangu tangu nilipokuwa nalilia maziwa. Nikasema, ndiyo, Afande. Akaendelea kula.

Jua halikuwa na kosa. Maikrofoni ilisikika vizuri. Wimbo ule niliutunga mimi, wote, na Jumamosi ile niliuimba kuliko mtu yeyote aliyewahi kupanda uwanja ule. Nikaulizwa swali moja tu, mbele ya shangazi yangu, nikasema si wangu.