Yah: Mkaguzi Mliyemfungulia Ghala la Programu Zetu

Mradi wa Majosho,
Chumba cha Kompyuta,
Shinyanga Vijijini.
Jumatano, 19 Mei 1999

Mzee wangu Ramniklal,

Shikamoo. Natumaini wewe na nyumba yako mmeamka salama, na kwamba umeme wa huko mjini haujawakimbia tena. Mimi mwili wangu ni mzima. Kilicho hoi ni heshima yangu, na aliyeifikisha huko ni mashine iliyo katika chumba cha nyuma cha duka lako.

Unanifahamu vizuri. Mimi ndiye Bartholomeo Mageni, mtunga programu wa Mradi wa Majosho, mteja wako wa kwanza kukubali kuweka programu zake katika ile kompyuta yako kubwa badala ya kabati la ofisi. Wenzangu walinicheka, wakasema nimepeleka akili zangu zikalale dukani kwa watu. Nikawajibu kwamba Mzee Ramniklal ni mtu wa siri. Programu zangu hukaa kwake salama, nami huzivuta kwa simu ninapotaka kuzirekebisha, kisha nikazirudisha. Hata wanunuzi wa dhahabu wa Nyarugusu, watu wasiomwamini yeyote, walifuata mfano wangu.

Sasa binti yako Krupa amerudi kutoka masomoni Bombay, na ndani ya begi lake amekuja na programu ambayo kazi yake ni kukagua programu za watu wengine. Ameiunganisha na ghala lako. Ameikabidhi ufunguo. Tangu wiki iliyopita, kila ninachokirudisha kinasomwa na mkaguzi huyo mstari kwa mstari, halafu anachapa orodha ya makosa. Naomba aondolewe, kwa sababu hizi:

1. Hana salamu. Mtu akiingia katika kazi ya mtu mzima huuliza kwanza habari za nyumbani. Huyu anaanza tu: mstari wa arobaini, kosa. Nina watoto watano, Mzee. Nimewahi kuwa mwenyekiti wa kamati za harusi tatu. Sijawahi kuambiwa neno kosa kabla ya chai.

2. Hana mshenga. Kwetu, mwenye neno na mtu wa makamo hamkabili. Hutuma mtu wa busara, wanakaa, wanaongea habari za mvua na pamba, na lile neno linatajwa wakati mgeni ameshashika kofia yake. Mkaguzi wako anachapa maneno yake kwenye printa iliyoelekezwa kwenye benchi la wateja! Jumanne ya wiki iliyopita katibu muhtasi wetu, Apolonia, alikwenda kuchukua karatasi hizo, akazisoma njia nzima. Alipofika aliniambia kwa upole mkubwa, "Pole, Baba Gregory." Mpaka jioni mpishi wa kantini alikuwa anajua kwamba nina makosa thelathini na moja.

3. Na makosa yenyewe ni ya kipuuzi. Kumi na saba kati yake ni kwamba nimetenga majina ndani ya programu bila kuyatumia. Ni kweli. Jina "mvua" nimelitenga tangu mwaka 1996 na sijalipatia shughuli. Kwani kitu kisipotumika hutupwa? Mleteni basi huyo mkaguzi nyumbani akague stoo ya mke wangu, tuone kama atatoka akiwa na nguvu za kuandika orodha.

4. Hapa, Mzee, naomba usome polepole. Watunza majosho hutuletea idadi ya ng'ombe watakaoogeshwa, na kila Jumatano programu yangu, ikiwa hapo hapo dukani kwako, huchapa idadi ya makopo ya dawa ya kuchanganya. Lakini nani asiyejua kwamba sisi Wasukuma hatutaji idadi ya ng'ombe zetu? Tunaogopa kodi, tunaogopa macho ya watu, na zaidi ya yote tunaogopa shemeji. Mwenye arobaini atakwambia ishirini, na hata hao atawataja kwa sauti ya kuomba radhi. Kwa hiyo programu yangu inazidisha mara mbili. Hapo mkaguzi alipita bila kuona kosa. Chini kidogo nikazidisha tena mara mbili, na hapo ndipo alipopiga kelele, eti mstari ule ule umeandikwa mahali pawili, je, mwandishi amesahau?

Nisahau mimi! Uongo wenyewe ni wa watu wawili, Mzee. Mwenye ng'ombe anamficha mtunza josho nusu. Mtunza josho naye anatuficha sisi nusu, maana ng'ombe wa ndugu zake wamo humo humo na hataki waonekane ni wengi. Waongo wawili, kuzidisha kuwili. Hiyo ni elimu ya hapa hapa, wala haifundishwi Bombay. Nimelitafakari jambo hili kwa siku nane sasa, na kila nikilitafakari naona kwamba nilikuwa na akili zaidi ya nilivyokuwa nafikiri wakati naandika.

5. Krupa hakutosheka na karatasi. Juzi alinipigia simu, akaniamkia kwa Kiswahili safi, nakiri, kisha akanieleza kwamba siku ikitokea mtu akasema kweli, dawa itakuwa mara nne. Ng'ombe wataungua ngozi, na watakaoyameza maji yale hawatafika nyumbani. Akanisihi nifute mstari mmoja kabla ya josho la Alhamisi. Nikamwuliza swali moja tu: katika mkoa huu mzima, nionyeshe mtu anayesema kweli kuhusu ng'ombe wake. Akanisihi tena nifute mstari. Ushindi huo nimeutangaza ofisi nzima.

6. Fikiria pia mwisho wa mambo haya. Leo anasoma programu za majosho. Kesho atafika kwenye programu za mizani za wanunuzi wa Nyarugusu, aulize kwa nini mizani inapunguza kabla dhahabu haijawekwa. Wale si watu wa kuandika barua kama mimi. Watakuja wenyewe, na lori. Baada ya hapo ataunganishwa na hotuba za harusi, halafu na mahubiri, halafu na maneno ya mume aliyechelewa kurudi nyumbani. Hapo hatutakuwa na ofisi, hatutakuwa na kanisa, na ndoa zote za Shinyanga zitakuwa zimevunjika kwa sababu ya begi moja.

Kwa hiyo naomba mkaguzi anyang'anywe ufunguo, na aniandikie barua ya kuniomba radhi, kwa Kiswahili, ibandikwe kantini. Mimi kwa upande wangu sibadilishi kitu. Mstari ule hautoki.

Nisalimie Mama Krupa, mwambie chapati zake bado zinazungumzwa huku. Nisalimie kijana wako Karan, na mguu wake upone. Wasalimie wateja wote wa benchi lile, hasa wanaojua kusoma. Krupa naye msalimie, ila usimsalimie sana.

Ni mimi mtunga programu niliyedhalilishwa lakini nisiyetikisika,
Bartholomeo Mageni

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, mke wangu amepita ofisini na kuniambia kwamba ng'ombe wetu, wale tuliowakusanya kwa ajili ya mahari ya mwanetu Gregory, wanaogeshwa kesho asubuhi josho la Samuye. Siku hizi ameokoka. Amewataja wote, hakuficha hata ndama. Mtunza josho wa pale, Maduhu, ni kaka yake, na walibatizwa siku moja. Ameandika kama alivyoambiwa. Nimewahi kwenye simu, nimekuta laini imekufa tangu asubuhi. Mzee wangu, karatasi za makopo zinachapwa leo saa tisa. Mwambie Krupa afute ile mistari miwili yote, si mmoja kama alivyonisihi, na asinisubiri. Barua hii anakuletea Apolonia kwa baiskeli. Nimemwagiza akuonyeshe ukurasa huu wa mwisho kwanza. Hayo mengine yanaweza kungoja.