Kadre Zangu na Jua la Beni

Jumatatu, tarehe 4, mwezi wa kumi na moja

Nimeanza! Mimi Éliakim ni fundi wa kuchapa tisheti. Kadre ya kwanza, fremu ya kupitishia wino, nimeitengeneza mwenyewe hapa uani: mbao nne za kalitusi, misumari, na kitambaa chepesi cha rideau, pazia la dirisha, nilichokivuta mpaka kikalia kama ngoma. Jirani yangu Phinées alichungulia juu ya lupango, ukuta wa kati yetu. Yeye ana kadre za chuma kutoka Kampala, na hapitishi siku bila kuzitaja. Akasema mbao zangu ni mbichi, zitapinda. Nikamjibu kwamba mbao mbichi ndizo nzuri, misumari inaingia bila kubishana. Akaenda zake akicheka peke yake. Wivu tu.

Mke wangu Rébecca amesimama mbele ya kwaya yao nzima na kusema tisheti za jubilei ya Jumapili zitatoka kwetu. Mama Jokébed, présidente wa kwaya, alitaka kumpa Phinées. Nikishindwa, kazi inarudi kwa Phinées, na Rébecca amesema hatathubutu tena kusimama mstari wa mbele. Ameimba pale tangu tuoane. Donc sitashindwa.

Jumatano, tarehe 6

Kadre imepinda. Kidogo tu. Ukiilaza mezani, pembe moja inainuka kama mbwa anayekojoa. Nimeiwekea jiwe.

Ubaya ni jua. Kitambaa unakipaka dawa, unaweka mchoro mweusi juu (wa kwaya ni kinubi), unatoa nje. Dawa ikiona jua inakuwa ngumu. Palipofunikwa na mchoro inabaki laini, maji yanaitoa, na wino unapita hapo. Rahisi! Mais leo Butembo ni ukungu tangu asubuhi. Nilipoosha, dawa yote ikaenda na maji, na kinubi cha kwaya kikaenda nayo. Phinées, ambaye hana kazi nyingine, alisema ana taa kubwa inayofanya kazi ya jua, nije tu nichomee kwake. Nilikataa kwa heshima. Halafu nikakataa tena bila heshima.

Akili imekuja jioni. Jua liko Beni! Shemeji Kakule analalamika joto kila akipiga simu. Nitapaka dawa iliyobaki, nifunge kadre katika blanketi, nipande piki, niilaze uani kwake. Rébecca aliuliza kama siwezi kungoja jua la hapa. Nikamwambia mfanyabiashara hangoji. Akanifungia viazi vya njiani.

Alhamisi, tarehe 7

Barrière, kizuizi cha njiani. Askari akaonyesha blanketi kwa kidevu.

"Chef, hapana fungua," nikamwambia. "Hii kitu ikiona jua inaharibika."

Nilipomaliza kusema nikajua sikusema vizuri. Taximan wangu alisogea mbali na piki yake mwenyewe.

Blanketi ikafunguliwa. Jua la saa sita, lenyewe! Chef akagonga kitambaa, kikalia vizuri (hata hapo nilijisifu moyoni). Akaona si kitu cha hatari. Akalaza kiganja chake juu ya kadre, akaegemea, akasoma carte yangu ya kitambulisho mbele na nyuma, kisha mbele tena. Mkono mkubwa, kidole cha mwisho kimepinda. Halafu akanitakia safari njema. Mtu mwema kabisa.

Kwa Kakule niliosha kadre machozi yakinitoka. Maji yakatoa dawa mahali pamoja tu, pale ambapo mkono ulizuia jua. Mkono wa chef! Vidole vyote, hata kile kilichopinda.

Ijumaa, tarehe 8

Dawa imeisha. Nilimweleza Rébecca yote, hata viazi. Aliutazama ule mkono, akakaa kwenye kiti. Mwishowe akasema nichape. Nimechapa mchana kutwa, jiwe kwenye pembe.

Jumapili, tarehe 10

Mama Jokébed alikunjua tisheti ya kwanza, akauliza kinubi kiko wapi. Akaigeuza, akaiangalia tena, akasema polepole kwamba huu ni mkono wa Bwana. Kwaya nzima ikaitika. Hapo mzee mmoja wa sauti ya nne akataka kujua kwa nini kidole cha Bwana kimepinda.

"Ni kazi nyingi," akasema Rébecca, bila hata kugeuza kichwa.

Ameimba mstari wa mbele. Mimi nililia kidogo, kule nyuma. Sijawahi kumpenda hivi.

Jumatatu, tarehe 11

Kadre imepasuka pembeni na kitambaa kimechanika. Na kwaya moja ya Kamango, waliokuwa wageni jana, wanataka tisheti zao: mkono uleule! Phinées amekuja bila kucheka, mbao kavu begani, zawadi. Rébecca ananiambia nipake dawa mpya na kulaza mkono wangu mwenyewe juu ya kadre, hapa hapa uani, maana leo jua limetoka tangu asubuhi.

Watu hawaelewi sanaa. Mkono wangu ni mwembamba na vidole vyangu vimenyooka!

Kesho nashuka tena na kadre tatu mpya ndani ya blanketi. Nitasimama pale barrière mpaka nimpate yule chef, naomba Mungu asiwe amehamishwa. Mbao za Phinées nimezipeleka jikoni, zinawaka vizuri. Hizi zangu ni mbichi kabisa. Misumari imeingia bila kubishana.