Mto Wetu Unaishi Kwenye Jumba Lako

Mwongeli Nthiwa (Bi.),
Mkulima wa ndengu na mbaazi,
Migwani, Kitui.

Kwa Bwana Gathua,
Mwenye jumba la ghorofa saba,
Nairobi.

Bwana Gathua mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi hunijui, lakini mto wangu unaujua, maana umeupaka ukutani. Shemeji yangu Kitonga, yule askari wa getini kwako, ndiye aliyenithibitishia kwamba malori yaliyoshuka hapa kwetu tangu mwaka juzi yalikuwa yakimwaga mchanga kwako. Hongera kwa jumba. Anasema linapendeza.

Sasa, kwa kuwa wewe ni mtu wa jiji, wacha nikueleze. Mto wetu haukuwa na maji ya kuonekana. Yalilala chini ya mchanga. Mvua ikiisha unachimba kwa sufuria kuukuu, unangoja kidogo, kisima kinajaa, unachota ya nyumbani, ya ng'ombe na ya mboga. Mchanga ulipopanda lori, maji nayo yakadandia. Leo pale mtoni pamebaki mwamba mtupu na mijusi inayoota jua. Maji ya ng'ombe nayafuata ng'ambo ya kilima na punda, nusu siku nzima. Sukuma wiki yangu imekauka yote. Nimechoka, Bwana Gathua. Haki ya Mungu, nimechoka.

Kwa hivyo, bila ugomvi, naomba yafuatayo:

1. Nipewe chumba kimoja cha chini, kisicho na vigae, nichimbe kisima sebuleni. Hatutasumbua. Tutakuja wanawake kumi na wanane tu, pamoja na punda. Kitonga ameahidi kufungua geti.

2. Ng'ombe wangu wawili hunywa saa nane mchana. Hawajazoea lifti, kwa hivyo usiwapangie ghorofa za juu.

3. Hili la tatu ni zito, nakuomba ukae chini kwanza. Hatimiliki aliyoniachia marehemu mume wangu Mwau yasema shamba letu linaanzia njia ya soko na kuishia mtoni. Haisemi mto uwe wapi! Kama mto uko kwako, basi shamba langu nalo limefika kwako. Nilimuuliza mzee wa kijiji, akakuna kichwa, na kwetu kukuna kichwa ni kukubali. Shamba limepita Mwingi, limepita Matuu, limeikanyaga Thika. Hapo Matuu kuna watu wamepanda maembe kwangu bila hata kubisha hodi. Nitazungumza nao baadaye, mmoja mmoja. Nimeanza na wewe kwa heshima tu.

4. Mwenye shamba kubwa hivyo asiitwe maskini. Mwezi jana walikuja watu wa kuandika maskini, wakaniandika wa kwanza kabisa. Niliona aibu, jameni, kuandikwa hivyo nikiwa na ekari nyingi kuliko wao na mabosi wao. Tafadhali waandikie warekebishe. Ila wasinifute kwenye orodha ya unga.

5. Kanisa letu hubatiza kwa kuzamisha, si kunyunyizia, na hilo hatubadilishi. Kidimbwi chetu kimekauka. Pasta Mulinge na waumini arobaini wanauliza kama tangi lako la juu ya paa litakuwa wazi Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Wapangaji wasifungue mifereji wakati huo. Wakipenda, watubu.

Ukiona haya ni mengi, nakupa njia rahisi: rudisha mchanga. Bomoa polepole kuanzia juu, ili wa chini wapate muda wa kuhama. Sisi tutaupokea na kuutandaza wenyewe, na mvua ya Novemba ikinyesha tutaanza upya. Mtu akikosa maji, shamba linakuwa jina tu, na yeye anabaki kungoja gari la unga. Mimi sikuzaliwa kungoja unga.

Nisalimie mama watoto na wapangaji wote, hata yule wa ghorofa ya tano ambaye Kitonga anasema huoga mara mbili kwa siku. Mwambie taratibu kwamba hayo maji yana wenyewe.

Ni mimi jirani yako wa mpakani,
Mwongeli Nthiwa

Tanbihi: Kitonga amepiga simu sasa hivi, hata sijafunga bahasha, anasema unaongeza ghorofa ya nane na umekosa mchanga. Bwana Gathua, usihangaike. Niliposema pamebaki mwamba mtupu niliongeza chumvi. Iko kona moja, chini kabisa ya shamba langu, bado ina mchanga msafi, na ndiyo inayotupa maji ya kunywa. Njia ya malori unayo, niliyafungulia mimi mwenyewe tangu lile la kwanza. Msimu huu sikuvuna ndengu hata debe moja, na binti yangu Mumbua anatakiwa shuleni Jumatatu na karo mkononi. Dereva aje Alhamisi, alfajiri, kabla wanawake wenzangu hawajafika na mitungi.