Hasi Arobaini kwenye Dizeli Yangu

Jumatatu, 10 Februari

Gari limegoma tena. Likiwaka linatoa moshi mweupe, likipanda kilima linajikokota kama limekatazwa. Taa ya njano kwenye dashibodi. Nimechomeka kile kifaa cha kusomea hitilafu nilichonunua mnadani Rovaniemi, mji wetu huku kaskazini mwa Finland, nacho kikasema bila kusita: sensa, kile kihisi cha joto la mafuta, nyuzi hasi arobaini. Nje ni hasi thelathini na moja. Basi tatizo si gari, tatizo ni Februari. Nimejivuna kidogo pia. Kijiji kizima hakuna mwenye dizeli baridi kuliko yangu.

Lakini Jumapili kuna mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu, na nimeshamwahidi Aune Lohiniva kumpeleka. Aune alikuwa mpishi wa shule, sasa ni mjane, na akicheka nasahau nilichokuwa nasema. Nampenda, basi. Nimeandika. Ensio, jirani yangu wa mlango wa pili, amemwambia kwamba gari lake lina viti vya kupasha joto. Viti! Langu pia linacho tangu Novemba, nimekifunga kwa mikono yangu. Kimoja. Cha abiria.

Jumanne, 11 Februari

Mpango: kupasha dizeli. Nguzo yangu ya kuchomekea gari pale kwenye maegesho hutoa umeme kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, ndivyo ushirika wa nyumba ulivyoamua. Haitoshi. Lakini Jumanne jioni Ensio yumo sauna, bafu letu la mvuke la pamoja, zamu yake haijabadilika tangu nimjue. Nikachomeka waya kwenye nguzo yake, nikasukuma feni ya joto chini ya tangi, nikalifunika na blanketi la marehemu mama. Kifaa: hasi arobaini. Nikaongeza chupa za maji ya moto. Hasi arobaini. Blanketi likaanza kuungua pembeni.

Ensio akatoka sauna mapema, mwekundu, na taulo kiunoni, akauliza kwa upole kama ninamchemshia chai. Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeazima nafasi kwenye ukumbi wa zimamoto wa kijiji. Gari limelala humo tangu jana. Humo ndani mtu anakaa na shati tu. Leo nimechomeka kifaa: hasi arobaini! Nikagonga kipimajoto cha ukutani, maana kimoja kati ya hivi viwili kinadanganya, na kifaa changu nimekilipia. Nikamwambia mkuu wa zimamoto kwamba ukumbi wake hauna joto. Alikuwa anajifuta jasho.

Ndipo Aune akaingia na sinia la mikate ya mdalasini ya wazimamoto. Akaniuliza nina shida gani, nikamweleza. Akainama, akagusa bomba la mafuta kwa kidole.

"Tauno, hili lina uvuguvugu," alisema. "Tanuri letu la shule liliwahi kusema ni la baridi huku mikate inaungua. Ulikuwa waya tu."

Nikacheka, nikamwambia gari si tanuri. Akajifuta kidole. Kisha akasema Ensio kamuuliza tena kuhusu Jumapili, na kwamba anataka kujua kufikia Jumamosi kama nina gari au nina maneno. Imeniuma.

Ijumaa, 14 Februari

Nimegundua kwamba ni waya. Peke yangu!

Nilichomoa plagi ya sensa, namba haikubadilika. Yaani kompyuta ya gari haioni kitu, na isipoona kitu inataja baridi ya mwisho inayoijua. Kwingine duniani wangeshtuka siku ya kwanza. Sisi huku tunaongeza soksi. Nikapima sensa yenyewe kwa mita ya umeme: nzima. Nikaunganisha pini mbili za plagi kwa kipande cha waya ili kompyuta ione chochote, maana pini zikigusana hutaja joto kali la mwisho inalolijua. Haikuona. Basi waya umekatika njiani.

Nikalifuata fungu la nyaya kwa vidole, nikilitikisa. Karibu na betri, namba ikaruka. Hapo pana skrubu. Imepita katikati ya waya wa sensa, na kazi yake ni kushikilia waya wa kiti cha joto.

Nani aliiweka? Nimefikiri sana. Ensio ana bisibisi.

Jumamosi, 15 Februari

Jana jioni nililitoa gari ukumbini, na leo nimeunga waya na kuufunga utepe. Kifaa kinasoma hasi ishirini, sawasawa na nje. Gari linanguruma! Nikampigia Aune, naye akakubali. Ensio, nasikia, amesema hana neno, ila atakuja nyuma yetu na kamba ya kuvutia. Wivu mtupu.

Imebaki ile skrubu. Bila skrubu waya wa kiti unaning'inia na kiti hakipati moto. Nimeirudisha upana wa kidole pembeni, kwenye fungu lilelile la nyaya. Nimeikaza kwelikweli.

Jumapili, 16 Februari

Aune alivaa kofia nyekundu. Kiti kilikuwa cha moto, akasema ni raha, nami nikaendesha kama waziri. Kwenye barabara ya ziwani taa ya njano ikawaka. Gari likaishiwa nguvu, likasimama. Ensio akashuka na kamba yake. Akaifunga huku akipiga mluzi, na hilo ndilo sitamsamehe.

Aune akahamia gari lake. "Usijali, Tauno," alisema, "nitakuwekea kahawa." Nikavutwa hadi ziwani peke yangu, kiti cha pembeni kikipata joto bure. Ensio alivua samaki mkubwa kuliko wote. Aune alimshikia ndoo.

Jioni nimechomeka kifaa. Joto la mafuta: mia moja na arobaini! Sasa kila kitu kimeeleweka. Dizeli imechemka. Nilipasha mno.

Aune amepiga simu. Kahawa yangu bado imo chupani kwake, nikitaka nipite, lakini kwanza niangalie waya karibu na ile skrubu. Nikamkumbusha kwamba gari si tanuri.

Jumanne Ensio yumo sauna. Koleo lake la theluji huwa mlangoni. Nitalizika tangi lote thelujini, dizeli ipoe.