Uzinduzi wa Nne wa Njia ya Kukimbilia ya Sungai Lempaki

(Hotuba ya Jamsari bin Damit, mwenye cheo cha heshima cha Datuk na Mwenyekiti wa Kamati ya Wilaya ya Burudani ya Kijani, iliyotolewa saa moja asubuhi mbele ya geti la hifadhi ya wanyama, kando ya mto huo wa Lempaki.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, ambaye pia ni mimi. Datin Norhaini, mwenye cheo hicho kwa kuwa mke wa Mgeni Rasmi. Datin Norhaini tena, safari hii kama Mlezi wa Mbio (makofi, ya Datin). Waheshimiwa wawakilishi wa waheshimiwa walioshindwa kufika. Waheshimiwa wenyewe walioshindwa kufika. Bwana Jinus, askari wetu wa hifadhi. Mwalimu mstaafu Lonsiah Gumbit pamoja na wanachama arobaini wa klabu yake ya jogingi, ambao naona mmeshafunga kamba za raba. Kima pua-ndefu mlioko mtini. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Nina furaha isiyo kifani kusimama hapa kwa mara ya nne kuzindua njia hii. Mara ya kwanza tulizindua wazo, ya pili tukazindua mchoro, ya tatu tukazindua kibao kinachosema njia inakuja, na leo, kwa mujibu wa mpango mkakati shirikishi, tunazindua njia yenyewe, ambayo ni mzunguko tambarare wa kilomita tatu usio na kilima wala kona ya kuudhi, unaoweza kumalizwa kwa mbio hata na mtu aliyetoka kula bakuli mbili za tambi (mtu mmoja anacheua), wenye daraja la mbao la mita themanini na nne, taa za sola, benchi kumi na mbili za kuegemea, na mnara ambao mkimbiaji wa kawaida ataona kutoka juu yake wastani wa hondohondo wawili na tembo sifuri nukta nne. Mamba nao wameshirikishwa kama wadau.

Nafahamu yapo manung'uniko. (“Yapo!”) Njia ya zamani, ambayo wanaklabu waliifyeka kwa mapanga yao wenyewe bila upembuzi yakinifu, tuliifunga kwa kufuli miaka miwili iliyopita ili kupisha ujenzi, na tangu hapo mmekuwa mkikimbia kandokando ya barabara kuu, ambako Mzee Maratim alivunjwa mguu na lori la mawese. Nampa pole. Katika ripoti yetu mguu huo umehesabiwa chini ya kifungu cha ongezeko la ushiriki wa jamii. (Mzee Maratim, akiinua fimbo: “Uhesabu vizuri, Datuk, ni mmoja tu!” Kicheko.)

(Mwalimu Lonsiah anasimama: “Mimi nina sukari. Daktari kaniandikia kilomita tatu kila asubuhi. Hotuba hakuniandikia.”)

Mwalimu, shikamoo. Mwalimu Lonsiah alinifundisha darasa la tatu, hivyo naruhusu mchango wake uingie kwenye kumbukumbu. (“Na kazi ya nyumbani hukuwahi kuleta hata siku moja!”) Huo usiingie.

Ndugu wananchi, mnaijua mila yetu. Jambo halifunguki mpaka upatu wa shaba upigwe mara saba, na ukishalia mara saba hakuna wa kulifunga, hata angekuwa mimi. Kwa sababu hiyo hiyo, katika hafla tatu zilizopita, baada ya tafakuri ya kina, Kamati haikuleta upatu. Leo umeletwa na kina mama wa mapambo, bila idhini, kwa kuwa unapendeza kando ya maua. Nawatoa wasiwasi: nyundo yake ninayo mfukoni, na itatumika tathmini ya awamu itakapokamilika. (Minong'ono.) Wakati huohuo medali za kumaliza mbio mmeshavishwa, kwa hiyo kitakwimu mmeshakimbia.

(Mwalimu Lonsiah anavua raba moja, anauendea upatu na kuupiga kwa soli. Watu wanahesabu kwa sauti hadi saba.)

Mwalimu, mila inataka nyundo! Bwana Jinus, naagiza usi—

(Jinus, akizungusha ufunguo: “Umelia mara saba, Datuk. Mila haikuuliza umelizwa na nini.” Geti linafunguka.)

Subirini! Ratiba inaonyesha maombi, picha ya pamoja, na chai! Datin, na wewe? (“Mimi si Mlezi wa Mbio?”)

Kwa mliobaki, yaani viti, naomba niendelee na ukurasa wa tano kati ya kumi na tisa. Mafanikio ya Kamati yangu yamegawanyika katika mafanikio ya moja kwa moja, mafanikio yasiyo ya moja kwa moja, na mafanikio tarajiwa, na nitaanza na haya tarajiwa kwa kuwa ndiyo mengi... (Kima wanakula keki ya uzinduzi. Hotuba inafika ukurasa wa kumi na moja. Wakimbiaji wanarudi, wamelowa jasho, wanacheka. Mzee Maratim amemshika Datin mkono.)

Karibuni tena. Kwa faida ya kumbukumbu, mmeliona daraja? (“Hakuna daraja!”) Taa? (“Hakuna!”) Benchi? (“Lipo gogo letu lilelile.”) Tembo? (“Mavi yake, bado ya moto!”) Hiyo ndiyo sifuri nukta nne.

Nikisema “Jogingi!”, mseme “Maendeleo!” Jogingi! (Wanapangusa jasho.) Njia yetu! (“Yetu!”)

Kwa kumalizia, nawashukuru wanaklabu kwa kufyeka njia ambayo picha yake imepamba ripoti zetu nne, maana hakuna afisa wangu aliyewahi kuvuka geti hili. Nawashukuru mafundi, ambao hawakuwahi kuajiriwa, kwa kutokuharibu mazingira. Mradi mzima, kwa usahihi wa kiofisi, ulikuwa ni kufuli. Nalo nimearifiwa sasa hivi kwamba Bwana Jinus amelitupa mtoni. Mwalimu, naomba radhi. (Mwalimu Lonsiah: “Vaa raba, mwanangu.”) Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna aliyemsikiliza. Wameshaanza mzunguko wa pili.)